Mwafaka wa kisayansi: wataalamu hufikaje kuishauri serikali?

Mwafaka wa kisayansi ni msimamo wanaoufikia wataalamu baada ya kuzikusanya tafiti zote za jambo fulani na kuzipima pamoja. Si kauli ya profesa mmoja mashuhuri, wala si utafiti mmoja uliovuma. Na mtaalamu anayelipwa na mtengenezaji wa dawa hutakiwa kulitaja hilo mapema, kabla ya kutoa ushauri.

Wengi hudhani mwafaka ni wote kusema "ndiyo". Tazama chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio lake kubwa, lililoanza mwaka 2009, lilihusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo wa Kilifi na Siaya huko Kenya, na wa Bagamoyo na Korogwe, Tanzania. Walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kumaliza dozi nne, malaria iliwapungua kwa zaidi kidogo ya theluthi. Lakini takwimu zilezile zilitia hofu: homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na wasichana waliochanjwa walifariki wengi kuliko wasiochanjwa. Ni chanjo, au imetokea tu?

Oktoba 2015, kamati mbili za washauri wa Shirika la Afya Duniani, ya chanjo na ya malaria, zilikaa pamoja. Hazikuikataa chanjo, wala hazikuifungulia mlango kila mahali. Zilikubaliana ni kipi hakijajulikana na kitajulikanaje. Kwangu mimi, hapo ndipo mwafaka ulipoonekana hasa.

Ili kuyajibu maswali hayo, mwaka 2019 Malawi, Ghana na Kenya zikaanza kuitoa kwa majaribio katika maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Mengine yakasubiri, ili tofauti ionekane. Hofu zile hazikuthibitika, na malaria kali ikapungua. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika likaipendekeza kwa watoto wa maeneo yenye maambukizi ya wastani hadi ya juu.

Miaka sita ni mirefu kwa mzazi aliyezika mtoto katikati yake, na uchungu huo ni wa haki. Hata hivyo, chanjo ikitolewa kwa pupa kisha ikadhuru, wazazi huacha kupeleka watoto hata kwa chanjo ya surua.

Na pendekezo si amri. Kila wizara ilibaki na maswali yake: fedha zitoke wapi, majokofu yatoshe vipi, na mama atakumbushwaje kurudi kliniki kwa dozi ya nne, ambayo Kenya iliipanga mtoto akitimiza miezi 24.