Maporomoko ya bwawa hayachuji maji, na filta ya mwenzio si lazima ikufae

Mama mmoja mwenye gesti huku Ilemela alinipigia simu akaniambia, "Mwalimu shikamoo, maporomoko yangu siku hizi yanadondoka kama machozi, na filta nimenunua ile kubwa kabisa, sasa shida iko wapi?" Nikaenda Jumamosi. Bwawa la kuogelea zuri kwakweli, limejengwa limeegemea jiwe, si unajua Mwanza yetu mawe hayanunuliwi, na fundi alikuwa amechora mdomo wa maporomoko juu ya jiwe lenyewe ili maji yaanguke kama pazia. Ila pazia hakuna. Maji yanalamba jiwe, yanateleza chini yamechoka, na bwawani rangi ni ya supu ya mlenda.

Nikaangalia mabomba. Pampu moja tu, inavuta bwawani, inasukuma kwenye filta ya mchanga, ikitoka hapo inapanda moja kwa moja hadi juu ya jiwe. Hapo ndo kosa lilipo, na nalikuta kila mahali, kwa hiyo leo nalisema kwa urefu maana wanafunzi wangu wa mabomba wenyewe huwa wanabisha.

Filta ya mchanga kadiri inavyodaka uchafu ndo inavyokaza, geji ya presha inapanda, maji yanayopita yanapungua, hiyo ni kazi yake na wala haijaharibika. Lakini maporomoko yanataka maji yaleyale kila dakika, yakipungua kidogo tu pazia linachanika. Ukiviunganisha kwenye bomba moja kila kimoja kinamwonea mwenzake. Tena fundi akiona pazia limechanika anafanya nini? Anafunga pampu kubwa zaidi, maji yanapita kwenye mchanga kwa kasi mno, yanajichimbia vinjia, uchafu unapita nayo upande wa pili.

Hesabu ya mama yule ilikuwa hivi. Bwawa mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita 1.4, jumla mita za ujazo 70. Tunataka maji yote yapite kwenye filta ndani ya saa 6 hivi, maana yake kama mita za ujazo 12 kwa saa. Mchanga unachuja vizuri maji yakishuka mita 30 kwa saa au pungufu, kwa hiyo tenki la filta lenye upana wa sentimita 75 linatosha kabisa, hakuhitaji lile pipa alilouziwa. Sasa maporomoko, kwa makadirio kila mita moja ya upana wa mdomo inataka mita za ujazo 9 hadi 10 kwa saa ndo upate pazia jembamba lisilochanika, yeye mdomo wake mita moja na nusu, kwa hiyo 14 mpaka 15. Unaona? Maporomoko peke yake yanakula kuliko uchujaji wote wa bwawa! Dawa ni pampu mbili. Ya filta itembee masaa mengi kila siku, ya maporomoko ivute bwawani ipite kwenye kikapu cha kudaka majani tu, ipande juu, na uiwashe wageni wakiwepo. Umeme nao utakushukuru.

Tukafungua filta. Mchanga umetolewa ufukweni. Fundi alijitetea kwamba mchanga ni mchanga tu bosi, nikamwambia leta chupa ya soda. Nikaweka mchanga robo, maji nusu, nikatikisa, nikaiweka juu ya ukuta, tukakaa dakika tano maji bado ni chai ya maziwa. Mchanga wa filta unatakiwa chembe za karibu nusu milimita, zote saizi moja, umeoshwa, ukiutikisa maji yanatulia upesi. Huu wa ziwani una vumbi linaloziba na kokoto zinazoacha mianya, vyote humohumo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Watu huwa wananiuliza filta ipi ni nzuri, mimi nawarudishia swali, maji unajazia yapi na ya kuoshea filta utayatoa wapi? Mchanga ni mvumilivu, unadaka chembe za maikroni 20 hadi 40 (maikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu), unaosha kwa kugeuza valvu maji yarudi nyuma, ukiutunza unakaa miaka kadhaa. Ila kila ukiosha dakika nne kwa pampu ya hesabu ile umemwaga lita 800, sasa kama maji unanunua kwa boza hiyo ni hela. Katriji, ile filta ya kitambaa kilichokunjwakunjwa, inadaka chembe ndogo zaidi, maikroni 10 hadi 20, unaitoa unaiosha kwa mpira bustanini, maji kidogo tu. Ubaya wake inachakaa na lazima ubadilishe, kwa hiyo kabla hujanunua ulizia kwanza kama katriji za saizi hiyo zinapatikana hapa mjini, siyo uje ukae wiki tatu unasubiri mzigo wa Dar. Ile ya unga wa diatomu, yaani maganda ya mwani wa kale yaliyosagwa, inachuja kuliko zote, mpaka maikroni 3 hivi, lakini unga wake ni vumbi baya kwa mapafu na usumbufu mwingi, mimi kwa gesti siishauri.

Chemchemi ndogo ya mapambo pale mapokezi, yenye maji kama mita moja ya ujazo, katriji inatosha, ila maji yazunguke yote kila saa au chini ya hapo. Maji ni machache halafu vumbi lote la barabarani linaingia. Na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, hasa mwezi ukiwa mpya, wakiona taa ya chemchemi wanajazana humo mpaka asubuhi kikapu ni uji mweusi. Siku hizo zima taa, ni dawa rahisi kuliko filta yoyote.

Wanaovuta maji ziwani moja kwa moja, hapa naomba tusikilizane. Maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, yameshatibiwa, ya ziwani bado. Ziwa letu lina kichocho, na filta ya bwawa usiitegemee kuzuia mabuu wake wanaoogelea majini. Weka maji kwenye tenki lililofunikwa lisilo na konokono, yakae siku mbili kamili, mabuu wenyewe wanakufa wasipompata mtu, ndipo uweke klorini na kuchuja. Na konokono wakishaingia kwenye kidimbwi cha mapambo chenye magugu watazaliana, kwa hiyo chungulia kwenye majani na pembeni mwa mawe. Siku ziwa likiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, usivute kabisa. Kuna mwani pale wenye sumu, na sumu iliyoyeyuka inapita kwenye mchanga kama kawaida.

Kwa tope laini linalopita kwenye mchanga kuna shabu, hiihii ya sokoni. Kidogo tu, imeyeyushwa kwenye ndoo, unamwaga jioni pampu zote zimezimwa, asubuhi uchafu umelala chini unauvuta kwa brashi ya kunyonya kwenda nje, siyo kwenye filta.

Kitu kingine watu hawakijui, maporomoko yanapandisha pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, kikipanda uchachu umepungua. Maji yakipiga jiwe hewa ya kaboni inatoka, pH inapanda, na klorini inalala. Kwenye 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini inafanya kazi, kwenye 8 ni kama robo. Kwa hiyo bwawa lenye maporomoko lipime kila siku, la sivyo utamwaga klorini wiki nzima na kijani kinakucheka. Na yale marasharasha ya maji yanayoruka hewani, kama maji ni ya vuguvugu na hayana klorini yanaweza kubeba bakteria wa lejionela hadi mapafuni, wazee ndo wanaumia zaidi.

Ukitaka kufuga sato humo, hiyo habari ni nyingine, klorini itawaua, unahitaji filta ya bakteria wema na kidimbwi kisichounganishwa na bwawa la watu.

Mama yule tulimbadilishia mchanga, tukafunga pampu ya pili, na siku ya filta safi nikamwandikia namba ya geji kwa peni nene ukutani, ikipanda nusu ba (ba ni kipimo cha presha) juu ya hapo anaosha. Kabla sijaondoka nikazima pampu zote ghafla, kama umeme umekatika, tukasimama kuangalia. Maji yaliyokuwa juu ya jiwe yakashuka yote na bwawa likapanda kidole kimoja tu, halikumwagika. Jaribu na kwako kabla hujamlipa fundi.