Waulize Walioshindwa: Kukusanya na Kutumia Mrejesho Baada ya Shindano la Picha

Matokeo yakishatangazwa, waandaaji wengi wa mashindano ya picha hapa Uganda hutupa swali moja kwenye kundi la WhatsApp: "Mlilionaje shindano letu?" Majibu yanakuja haraka: "Lilikuwa zuri sana, Mungu awabariki." Faili linafungwa, na mwaka unaofuata malalamiko ni yaleyale. Majibu yale si ya uongo, ni ya adabu. Mgeni aliyelelewa vizuri hamwambii mwenyeji kwamba matoke hayakuiva. Kazi yetu waandaaji ni kuuliza kwa namna ambayo kusema kweli hakutaonekana utovu wa adabu, na kuwatafuta wenye cha kusema: walioshindwa, na zaidi ya hao, walioanza kutuma picha wakaishia njiani.

Kabla ya chochote, tenganisha rufaa na mrejesho. Rufaa ni madai kwamba kanuni imevunjwa: picha si ya mshindi, ilipigwa nje ya kipindi kilichotajwa, jaji ni ndugu yake. Iwe na mlango wake, muda wake (siku 5 zinatosha) na jibu la maandishi, kwa sababu inaweza kubadili matokeo. Mrejesho haubadili matokeo. Liseme hilo kwenye mstari wa kwanza wa dodoso, la sivyo utapokea kurasa za watu wanaotetea picha zao na hutapata hata neno moja la kukusaidia.

Nani aulizwe, na lini

Majaji waulizwe siku ileile, kabla hawajapanda boda kurudi nyumbani. Dakika 20 zinatosha kwa maswali matatu: ni kigezo gani kilikusumbua kukipa alama? Ni picha gani uliiondoa kwa shida, na kwa nini? Ni kipengele gani kilikuwa na picha zilizokosea mahali? Wiki ikipita, jaji anakumbuka washindi tu. Zile picha za katikati, ambazo ndizo zinaonyesha kigezo kilipoyumba, zimeshafutika kichwani.

Walioishia njiani utawapata ikiwa tu usajili na kupakia picha ni hatua mbili tofauti. Mtu akijaza jina na simu kwanza, kisha apakie picha, una orodha ya waliojisajili bila kutuma. Wapigie simu 10 hadi 15 kati yao. Usiwatumie fomu, maana fomu ndiyo iliyowashinda mara ya kwanza. Swali ni moja: "Ulifika wapi, na nini kilikukwamisha?" Utasikia mambo ambayo hakuna mshindi atakayekuambia: faili lilikataliwa bila maelezo, bando liliisha picha ikiwa nusu, alidhani simu hairuhusiwi kwa kuwa bango lilikuwa na picha ya kamera kubwa.

Waliotuma picha waulizwe mara mbili. Mara ya kwanza ni palepale baada ya kutuma, maswali mawili tu: imekuchukua dakika ngapi, na ni sehemu gani haikueleweka. Mara ya pili ni kati ya siku ya 3 na ya 7 baada ya matokeo, kwa dodoso kamili. Siku ya kwanza uchungu ni mkali mno, na wiki mbili zikipita wamesahau. Lakini usitume dodoso kabla mshiriki hajapewa alama zake mwenyewe. Asiyejua kwa nini picha yake iliondolewa ana swali moja tu kichwani, na hatajibu yako.

Hapo ndipo wengi husema hakuna muda wa kumpa kila mtu alama. Piga hesabu. Picha 300, sekunde 40 kila moja, ni saa 3 na dakika 20 kwa kila jaji. Katika sekunde hizo jaji aandike tarakimu tatu, kila moja kati ya 1 na 5: nuru, mpangilio, na jambo ambalo picha inalisema. Sentensi ya maelezo ibaki kwa picha zilizofika raundi ya pili. Kijana wa Arua aliyepata 4, 4, 2 ameshaelewa aende kufanyia kazi nini, na amepata sababu ya kukujibu.

Maswali yenyewe

Maswali 7 ndiyo ukomo wangu, na matano kati ya hayo yawe ya kuchagua jibu. Swali linaloanza na "Je, ulifurahia" litupwe. Badala yake uliza: "Ni hatua gani ulikaribia kukata tamaa?" Swali hili limekwisha kukubali kwamba kulikuwa na ugumu, hivyo anayejibu hamvunjii mtu heshima. Lingine linalozaa matunda ni hili: "Rafiki yako akitaka kushiriki mwakani, utamwonya kuhusu nini?" Watu ambao hawawezi kumlaumu mwandaaji humwonya rafiki kwa moyo mweupe.

Jihadhari na swali lililobeba maswali kadhaa tumboni. "Je, kanuni na vigezo vilikuwa wazi na vya haki?" Mtu akijibu "hapana", amekataa kipi? Kanuni, vigezo, uwazi au haki? Ligawe, au chagua moja.

Lugha nayo ni swali la ubora wa majibu, si la heshima peke yake. Ukiuliza kwa Kiingereza tu, wenye shule ndefu watajibu kwa aya na wengine kwa neno moja. Weka Kiswahili, weka Luganda, na kama shindano limefika kaskazini weka Acholi au Lugbara. Pia pokea ujumbe wa sauti. Anayeona taabu kuandika mistari miwili anaweza kuongea dakika tatu, akakupa maelezo kamili.

Jaribu dodoso kwa watu watano kabla ya kulituma, watatu kati yao wakiwa na simu za bei nafuu. Likizidi dakika 6, punguza.

Ukitoa bando la shukrani, litolewe kwa kila aliyejibu, hata aliyesema mabaya matupu, na namba za simu zikusanywe kwenye fomu nyingine isiyoungana na majibu. Mtu akiona namba yake juu ya ukurasa, adabu inarudi. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakutaka upate ridhaa ya mtu na umweleze unachukua taarifa zake kwa kazi gani. Kwa mshiriki aliye chini ya miaka 18, ridhaa ni ya mzazi au mlezi.

Kuyasoma majibu bila kujidanganya

Chukua mfano. Washiriki ni 120, na 10 kati yao walipata tuzo au kutajwa. Dodoso limerudi na majibu 36: washindi 9 waliotoa wastani wa alama 5 kati ya 5, na wengine 27 waliotoa wastani wa 3. Ukijumlisha tu unapata 3.5 na kupumua. Lakini washindi ni robo ya waliojibu, ilhali ni sehemu moja ya kumi na mbili ya washiriki wote. Kila kundi likipewa uzito wake halisi, wastani unashuka hadi karibu 3.2. Na hapo umedhani kwamba wale 83 wasioshinda walionyamaza wana maoni sawa na wenzao waliosema. Mimi sidhani hivyo. Aliyekata tamaa kabisa hajazi fomu. Ndiyo maana zile simu 10 au 15 zina thamani kuliko grafu yoyote.

Alama za majaji nazo ni mrejesho, ingawa wengi huziacha zilale kwenye jedwali la Excel. Kwenye kigezo kimoja, picha iliyopata 3, 3, 3 kwa majaji watatu na iliyopata 2, 5, 2 zote zina wastani wa 3. Ya kwanza ni picha ya kawaida. Ya pili imegawanya majaji. Chuja picha zote ambazo alama ya juu na ya chini zinaachana kwa 3 au zaidi, kisha tazama ni kwenye kigezo kipi. Zikirundikana kwenye kigezo kimoja, kwa mfano "ubunifu", basi majaji walikuwa na maana tofauti za neno hilo, na washiriki vilevile.

Majibu ya maandishi yasome yote mara moja bila kuandika kitu. Ukiyarudia, yape alama ya mada: kupakia, muda, vigezo, majaji, zawadi, haki za picha. Mtu wa pili afanye hivyohivyo kwa majibu 20 bila kuona yako. Mkitofautiana sana, alama zenu za mada hazieleweki.

Kutoka lalamiko hadi chanzo

Lalamiko huonyesha mahali panapouma, na chanzo mara nyingi kiko mbali na hapo. "Mmeiondoa picha yangu kwa sababu ya ubora duni wakati ilikuwa safi kabisa." Mara nyingi alituma kama picha ya kawaida ya WhatsApp, ambayo huibana hadi takriban pikseli 1,600 upande mrefu na kufuta data za EXIF, yaani tarehe na mipangilio ya kamera. Ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, hiyo ni sentimita 13 na nusu tu. A4 inahitaji pikseli 3,508 kwa 2,480. Aitume kama dokyumenti na faili linabaki lilivyo. Sentensi moja kwenye kanuni, pamoja na picha ya skrini inayoonyesha pa kubonyeza, inaondoa lalamiko zima.

"Nilituma kwa wakati mkaniambia nimechelewa." Angalia mliandikaje saa. "Mwisho saa 12:00" kwa msomaji wa Kiingereza ni adhuhuri au usiku wa manane. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili au Luganda, ni jua likichomoza au likizama. Andika hivi: Ijumaa saa 5:59 usiku, simu yako ikionyesha 23:59.

"Rangi za picha yangu zilififia kwenye maonyesho." Uliza kama faili lilikuwa la Adobe RGB, mfumo wenye rangi nyingi kuliko ule wa kawaida wa skrini. Programu isiyosoma wasifu wa rangi huionyesha ikiwa imepauka. Dai sRGB, ndio huo mfumo wa kawaida. Ikionekana nyeusi ukutani, huenda ilihaririwa kwenye simu yenye mwanga wa skrini uliofunguliwa wote.

"Kura za umma hazikuwa za haki." Kama kura zilipigwa Facebook, lalamiko lina msingi: mtandao huo ulifungwa Uganda Januari 2021, na muda wote uliofungwa, aliyepiga kura humu nchini ni mwenye VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Iondoe kura hiyo, au ihamishie kwenye maonyesho yenyewe, karatasi moja kwa kila anayeingia.

Kuna malalamiko yanayodai kazi kubwa zaidi. Mwaka 2015 World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, waliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho, kwa sababu ya uhariri uliopita kiasi. Wapigapicha walisema mpaka haukuwa wazi. Kwa shindano la 2016 ilitoka miongozo mipya yenye mifano ya kuonekana kwa macho, ya uhariri unaokubalika na usiokubalika. Nasi tunaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo: jozi tano za picha, kabla na baada ya kuhaririwa, chini yake imeandikwa inapita au haipiti.

Kurudisha jibu

Weka jedwali moja: lalamiko, wangapi wamelisema, chanzo, badiliko, nani anashika, lini linaisha. Yanayorekebishika ndani ya siku 7, kama cheti chenye jina lililokosewa, yarekebishwe kwanza, maana watu huanza kukuamini hapo. Yanayogusa kanuni yasubiri toleo lijalo. Usibadili kanuni kwa sauti ya mtu mmoja mwenye kelele, isipokuwa alichokisema ni cha usalama au cha haki ya aliyepigwa picha. Mama wa soko la Nakasero akisema hakuombwa ruhusa, yeye mmoja anatosha.

Ndani ya wiki tatu tuma ukurasa mmoja wenye safu mbili, "Mlisema" na "Tumefanya", kwa wote waliojisajili, wakiwemo wasiojibu. Yale mliyoamua kutoyabadili yawekwe humohumo na sababu yake: "Mliomba zawadi ya fedha kwa kila kipengele. Hatutaweza, uchapaji umekula nusu ya bajeti. Tumebaki na zawadi tatu." Ukurasa huo uwe na uzito usiozidi kilobaiti 300, ufunguke hata kwa mwenye bando la siku moja.