Namba za tairi la pikipiki ya zamani yenye ringi za spoki

Ubavuni mwa tairi la pikipiki ya zamani mara nyingi utasoma kitu kama 3.25-19. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha ringi. Kimo hakiandikwi kwa sababu katika mfumo huu hukaribia kuwa sawa na upana. Mfumo wa milimita hukitaja: 100/90-19 ni upana wa milimita 100, kimo asilimia 90 ya upana huo, ringi ya inchi 19. Tairi hilo hukaribiana na 3.50-19, kama 110/90-18 inavyokaribiana na 4.00-18. Hukaribiana tu; viwanda hutofautiana kwa milimita kadhaa.

Lakini mwenye neno la mwisho ni upana wa ringi. Ringi nyingi za Kiingereza zina alama ya WM: WM1 ni inchi 1.60, WM2 ni 1.85, WM3 ni 2.15. Alama ikiwa imefutika, pima kwa ndani, toka ukuta mmoja hadi wa pili, pale tairi linapoegemea. Ukipima kwa nje utadanganyika kuwa ringi ni pana. Tairi la 3.25 hukaa vizuri kwenye WM2. Ukibandika tairi pana kupita kiasi ili pikipiki ionekane imeshiba, kingo (mapindo ya tairi yanayokaa kwenye ringi) hubanwa, mgongo wa tairi huchongoka na pikipiki huyumba kwenye kona. Nyuma, ubavu unaweza kukwaruza cheni au madigadi.

Herufi ya mwendo wa juu kabisa hufuata: P ni kilomita 150 kwa saa, S 180, H 210. Namba iliyo kando yake ni ya mzigo. 57, kwa mfano, ni kilo 230. Mwisho wa msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (michoro ya mpira unaogusa barabara) nzima si hoja kama mpira umeshakakamaa.

TT ni tairi la tyubu, TL ni la kutumika bila tyubu. Ringi ya kawaida ya spoki huvuja kwenye matundu ya spoki, hivyo tyubu ni lazima hata ukifunga TL, na ufunge TL pale tu kiwanda kinaporuhusu: kingo zake ni ngumu na hukataa kukaa sawasawa kwenye ringi nyingi za zamani. Usichanganye tairi la radiali (nyuzi zake hukatiza moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo) mbele na tairi la nyuzi za mshazari nyuma, wala kinyume chake.

Tairi jipya lipewe tyubu mpya ya saizi yake, maana ya zamani imeshatanuka na itajikunja ndani. Sawazisha kwa tupa ncha za spoki zilizochomoza, kisha zungushia utepe wa ringi. Nati ya valvu usiikaze hadi kwenye ringi. Upepo ukipungua tairi huteleza kwenye ringi na kuivuta tyubu. Valvu iliyolegea huinama na kukuonya, iliyokazwa huchanika shinani.