Kabla hujawasha kompyuta: misingi ya dizaini kupitia kadi ya mchango

Vijana wanaokuja kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kujifunza kazi ya dizaini, wengi wao wanachuo walio kwenye mafunzo kwa vitendo, huwa na swali lao hata hawajakaa vizuri: "Kaka, nianze na programu ya Photoshop au Illustrator?" Wengine simu zimeshajaa violezo vya Canva, yaani dizaini zilizopangwa tayari. Mimi huwapa penseli, karatasi na kadi ya mchango wa harusi, maana kadi hizo hapa mjini haziishi.

Naipenda kadi ya mchango kwa sababu shida zote za kazi yetu zimo ndani yake. Kuna jina la anayeombwa, majina ya maharusi, ya wazazi, tarehe, ukumbi, kiwango cha singo na dabo, namba za kutuma pesa, siku ya mwisho, mwenyekiti wa kamati, mweka hazina. Na kila mjumbe wa kamati anataka la kwake lionekane. Mwishowe kila kitu kimeandikwa kwa herufi nene, na aliyepokea kadi anapiga simu kuuliza atume wapi.

Ukiivua dizaini mapambo yake yote, kinachobaki ni uamuzi: jicho la msomaji litue wapi kwanza, lielekee wapi, liishie wapi. Rangi, fonti, picha na nafasi ni vyombo vya kuutekeleza uamuzi huo. Kwa hiyo zoezi la kwanza halihitaji umeme. Andika kila taarifa kwenye mstari wake, halafu zipe namba kwa umuhimu. Wanafunzi karibu wote hutanguliza majina ya maharusi. Kwa kadi ya mwaliko, sawa kabisa. Lakini msomaji wa kadi ya mchango ni mtu anayeombwa pesa: anataka kujua nani anaomba, mwisho lini, na pesa iende namba gani. Harusi ni ileile, familia ni ileile, ila karatasi hizi mbili zina kazi tofauti na hazipaswi kupangwa sawa.

Ukishapata namba zako, tofauti ya ukubwa iwe wazi. Kichwa cha pointi 13 juu ya maandishi ya pointi 12 kinaonekana kama umeteleza kidole. Weka 24 juu ya 12 uone. Pointi, kwa wasiojua, kwenye kompyuta ni sehemu moja ya 72 ya inchi. Fonti mbili zinatosha kadi nzima, na mara nyingi moja yenye unene tofauti inatosha zaidi. Zile fonti za mkato wa mwandiko, zenye mikia, msiziandike kwa herufi kubwa tupu. Nawaomba.

Jambo linalofuata ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, nalo ni ukaribu. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer alichapisha kazi yake juu ya namna macho yanavyopanga vitu katika makundi: vilivyokaribiana huonekana ni vya pamoja, vinavyofanana pia. Wasanifu tumeishi kwa maarifa hayo mpaka leo. Namba ya simu ikae ubavuni mwa jina la mwenye namba, si chini kabisa kwenye pambo la ua. Tarehe, saa na ukumbi viwe kundi moja. Na nafasi kati ya kundi na kundi iwe kubwa kuliko nafasi kati ya mistari ndani ya kundi. Ukitimiza hilo tu, bila kugusa rangi wala fonti, kadi tayari inasomeka.

Kuweka kila kitu katikati ya ukurasa ni mazoea zaidi kuliko uamuzi. Kichwa kifupi kinapendeza katikati. Mistari mitano ya maelezo ikikaa katikati, kila mstari unaanza mahali pake na jicho linahangaika kuutafuta. Shika ukingo mmoja, wa kushoto, na vitu vingine viufuate.

Nafasi tupu ndiyo inayotugombanisha na wateja. Mama anaangalia kadi, anakwambia, "Mwanangu, hapa pamebaki, weka hata ua." Anahisi kalipia karatasi nzima kapewa nusu. Badala ya kubishana naye, muombe atazame kanga aliyojitanda. Pindo limezunguka pande zote nne na linajirudia kwa mpango, mji, yaani sehemu ya katikati, umebeba mchoro mkuu, na jina, yaani ule msemo, limetengewa sehemu yake, mara nyingi ndani ya kisanduku, bila ua lolote kuliingilia. Nguo nzima inaweza kujaa korosho au tausi, lakini jirani ataisoma kanga hiyo akiwa ng'ambo ya barabara na ujumbe utamfika. Rangi pia ni chache, kwa kuwa katika uchapaji wa vitambaa kila rangi inadai fremu au roli lake. Marudio, mizani, mkazo, nafasi: vyote vinne vimo kwenye kitambaa ambacho kila nyumba ya Tanga inacho. Mwanafunzi akitaka kujifunza mpangilio, aitandaze kanga sakafuni aichore kwa visanduku vitupu, pasipo maua.

Kuhusu rangi, angalieni bendera yetu ya Tanzania. Mstari mweusi umekatiza kati ya kijani na bluu, na kila upande umetenganishwa na ukanda mwembamba wa njano. Ondoa njano hiyo: nyeusi itagusana moja kwa moja na kijani na bluu, na kwa mbali mpaka hautaonekana wazi kama sasa. Hiyo ndiyo tofauti ya mwanga na giza, na ina uzito kuliko uzuri wa rangi yenyewe. Kwa maandishi ya kawaida ya kwenye skrini, viwango vya kimataifa vya wavuti vinataka uwiano wa mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe inafika 21 kwa 1. Sasa chukua dhahabu juu ya krimu, ambayo kamati za harusi zinaipenda sana, uisome kwenye simu saa saba mchana stendi ya Kange. Geuza kazi yako iwe nyeusi na nyeupe kabla ya kuipeleka kwa mteja. Maandishi yakipotea hapo, hata rangi ikirudi bado ni dhaifu.

Vile violezo vya bure, vingi vimetengenezwa kwa lugha za maneno mafupi. Palipokuwa na neno la herufi saba, wewe unataka kuingiza "Mnakaribishwa", herufi 13. Kijana analipunguza mpaka lienee, na kichwa kinakuwa kidogo kuliko maelezo. Badili kiolezo, usiliadhibu neno. Zima pia ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari kwenye programu iliyowekwa Kiingereza, kwani itakuvunjia "mnakarib-ishwa" wakati silabi zetu huishia na irabu. Na fonti ya mapambo ijaribu kwanza kwa neno lenye ng', zipo ambazo hazina alama hiyo kabisa. Hapa hapa Tanga, mwanzoni mwa karne ya 20, gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapwa kwa Kiswahili katika shule ya serikali ya Wajerumani, kwa hiyo kuipangilia lugha hii kwenye karatasi si kazi iliyoanza na sisi.

Bango la fleksi lina hesabu yake. Wachora mabango wana kanuni ya sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Anayesoma akiwa mita 30 anahitaji herufi za sentimita 25, na akiwa juu ya bodaboda hatasoma zaidi ya maneno machache. Hapo mpe kitu kimoja.

Upande wa uchapaji, skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Ule mng'ao wa kijani kwenye simu hauna wino wake, utatoka umefifia, basi badili faili liwe CMYK, yaani mfumo wa wino hizo nne, na umwonyeshe mteja karatasi moja kabla ya kuchapa zote. Kadi ya A5 ni milimita 148 kwa 210. Picha inayoijaza kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi iwe na pikseli kama 1,748 kwa 2,480, na mandharinyuma yavuke ukingo kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikihama kidogo utaona uzi mweupe pembeni. Picha ya maharusi mwambie mteja aitume WhatsApp kama dokumenti. Akiituma kama picha, programu inaibana, na huo upungufu hakuna fonti wala ua litakaloufunika.