Rali sio kukanyaga mafuta, tafadhali

Juzi nilipanda matatu ya Naivasha, dere akaona begi ya helmeti kwa magoti yangu akajua naenda rali, akasema, "Boss, hiyo kazi ni kukanyaga tu, nipeni gari kama zile muone kama sitawafagia wote." Gari nzima ikamuunga mkono. Hii maneno nimeisikia miaka yote niliyokaa kiti cha navigeta, yule anayekaa pembeni ya dereva akimsomea noti za barabara, kwa harusi, kwa gereji, hadi matangani, na leo imenifika hapa, wacha niandike.

Ukitaka kujua jina la dereva wa rali ndefu linajengwaje, angalia Shekhar Mehta. Mzaliwa wa Uganda, akaja Kenya wakati Amin anafukuza Wahindi, akashinda Safari Rally mara 5: 1973, halafu 1979 mpaka 1982 bila kupumzika. Kwa Safari za ubingwa wa dunia hakuna mwingine amefikisha hizo. Sasa ile ya 1973 ndio watu hawaijui. Yeye na Harry Källström wa Sweden, wote wako kwa Datsun, walimaliza na adhabu za kuchelewa sawasawa, ikabidi iangaliwe nani alienda mbali zaidi kabla ya kuchelewa mara ya kwanza, Mehta akapewa. Yaani mshindi alipatikana kwa kuangalia nani alikaa safi muda mrefu. Wakati huo barabara hazifungwi, ng'ombe ni wako, lori ni lako, matope ni yako, na mwaka wa 1963 na tena 1968 ni magari 7 tu yalifika mwisho. Sasa hapo unamkanyagia nani?

Siku hizi steji, yaani vipande vya barabara vya kushindania, zimefungwa na ni fupi, sawa, kasi imepanda. Lakini njoo steji ya Kedong, huko Naivasha, uone feshifeshi. Ni vumbi laini kama unga wa ngano, limejaa kwa mitaro ya magurudumu mpaka juu, kwa macho unaona barabara tambarare, chini kuna jiwe limelala. Ukiingia na moto wote unapiga hilo jiwe, mkono wa sasipensheni umeenda. Ukiogopa ukashika breki ukiwa ndani, gari inakaa kama imemwagiwa zege. Inatakiwa breki umalize nje, uingie na mwendo wako, mguu nusu, usukani usiupiganie, na kwa sekunde kadhaa vumbi limefunika kioo na hakuna mtu anaona kitu humo ndani. Dereva anaendesha kwa makalio, nasema kweli, anasikia gari kupitia kiti. Hiyo ndio kazi, kujua lini uinue mguu na uuinue kiasi gani, na hakuna mtu alinifundisha namna ya kuieleza, nimekaa pembeni ya wanaoijua na bado siwezi kukuambia wanajuaje.

Na mimi noti zangu? Nitasema ukweli. Tumekagua steji siku kadhaa kabla, nimeandika "kushoto ndefu, laini", kufika mzunguko wa pili wa steji hiyo hiyo magari yameshachimba, mtaro unafika magotini, noti inasema kitu kingine kabisa. Naisoma hivyo hivyo. Kama inayomsaidia ni noti yenyewe au ni sauti yangu tu inayomshikia mdundo, sijui.

Pancha nayo. Kuna mwaka tulipasua tairi la nyuma, zimebaki kama kilomita 6. Kubadilisha ni dakika mbili tatu kama jeki haijazama. Dereva wangu akasema twende, tusipoteze muda. Kilomita ya nne mpira umeisha, ringi inakata kila kitu, paipu ya breki ikaenda, tukalala hapo na jua la saa nane. Dakika mbili hizo bado naziwaza.

Halafu kuna wanaochanganya hii na Dakar, ile rali ndefu ya jangwani. Kule noti zako hakuna, njia huijui, rodibuku, kile kitabu cha maelekezo ya njia, unapewa asubuhi ya siku yenyewe, na ni wiki mbili, leo mawe kesho mchanga. Ari Vatanen, dereva wa Finland, alishinda Safari 1983, akaumia vibaya sana Argentina 1985, karibu afe, akarudi akashinda Dakar 1987, tena baada ya kuanza vibaya akiwa nyuma huko. Mwaka huo huo wa 1987 Mehta alianguka kwenye rali ya jangwani Misri, na udereva wake ukaishia hapo. Watu wawili waliojua kuinua mguu kuliko wote, mmoja jangwa limemrudisha, mwingine limemchukua. Hapo sina maelezo.

Kitu kingine kinanisumbua: huenda sisi huku tunasifu uvumilivu kwa sababu pesa ya kuvunja gari hatuna. Timu yenye sasipensheni tatu za akiba kwa lori labda ingenicheka.

Lakini yule dere wa matatu, tukishuka Mai Mahiu, alitoa mguu mapema kabisa kabla ya matuta, akashusha gia, akayapanda polepole ubavuubavu. Nikamuuliza mbona. Akasema springi ya nyuma kulia imechoka, na bado ana trip nne leo.