Volteji rejea ya ADC: ni nini, na uchague ipi?

Kigeuzi cha analogi kwenda dijitali, yaani ADC, hakipimi volti. Kinalinganisha volteji inayoingia na volteji nyingine inayojulikana, kisha kinakwambia ile ya kwanza ni sehemu gani ya hii ya pili. Hiyo ya pili ndiyo volteji rejea. ADC ya biti 10 huigawa rejea vipande 1,024, na nambari unayoisoma kwenye programu ni hesabu ya vipande tu. Ni mambo ya mchele na kibaba: kibaba kikipungua, mchele uleule utatoa vibaba vingi zaidi.

Tuseme kijana wa Kisauni anaunda mashine ya kutotolesha vifaranga kwa Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta yenye ADC ya biti 10, na sensa ya joto ya LM35. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 hivi. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi ya Selsiasi, kwa hiyo hapo inatoa milivolti 375. Bodi isipoambiwa vingine hufanya volti 5 za stima yake kuwa rejea. Sasa feni na relei (swichi za umeme) zinawaka, waya wa charja ni mwembamba, na zile volti 5 zinashuka hadi 4.7. Sensa inatoa kilekile, lakini ADC inasoma 81 badala ya 76, na programu, ambayo bado inahesabu kwa volti 5, inaandika nyuzi 39.6. Taa ya joto inazimwa mapema, mayai yanakaa kwenye nyuzi 35 na kitu, na lawama inaiangukia sensa.

Chip ya Uno ina rejea ya ndani ya volti 1.1, na kwa kazi hii ndiyo ningeichagua. Haiyumbi stima inapoyumba, na kila kipande kinakuwa kama nyuzi 0.1 badala ya karibu nusu nyuzi. Kikomo ni nyuzi 110, zaidi ya tunachohitaji. Ishara ikipita rejea, ADC hukwama kwenye 1023. Ila hiyo 1.1 yaweza kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2 kutoka chip moja hadi nyingine, basi ipime kwa mita kwenye AREF, pini ya rejea ya bodi, na uandike thamani halisi kwenye programu.

Lakini usikimbilie rejea thabiti kila mara. Potenshiometa (rezista ya kuzungusha), au themista (rezista inayobadilika kwa joto) iliyounganishwa na rezista, hutoa sehemu ya stima inayoilisha. Rejea ikiwa stima hiyohiyo, zote mbili hushuka pamoja na kosa hujifuta. Ukiweka rejea thabiti hapo, unaliingiza kosa mwenyewe.

Chip ya rejea ya nje, kama LM4040 ya volti 4.096, inafaa usahihi unapohitajika kweli: kwa ADC ya biti 12, kipande kimoja ni milivolti 1 kamili. Angalia inavyobadilika kwa joto, hasa kama kisanduku kitakaa juu ya mabati Mombasa hii. Rejea ya ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni) kwa nyuzi, joto likipanda nyuzi 20, huhama asilimia 0.1. Kwa biti 10 hicho ni kipande kimoja. Kwa biti 16 ni vipande 65.

Ukiiunganisha kwenye AREF ya Uno, andika amri ya kuchagua rejea ya nje kabla ya usomaji wa kwanza, la sivyo rejea mbili zitagongana ndani ya chip na huenda zikaiunguza.