Tabia Huanza na Ishara: Mazoea Yanayoinua Utendaji Kazini

Anayetaka kubadilika kazini huanza na orodha ndefu: kuamka alfajiri, kufanya mazoezi, kujibu barua pepe zote siku hiyohiyo, kuacha kuahirisha. Ikifika wiki ya tatu, kilichobaki ni kujilaumu kwamba hana nidhamu. Mara nyingi nidhamu haina kosa. Orodha ilikuwa na nia nyingi, ila hakuna hata moja iliyofungwa kwenye ishara.

Tabia ni tendo linalofanyika bila mjadala na nafsi kwa sababu jambo fulani limeliamsha. Ukifika mlangoni, mkono unatafuta ufunguo wenyewe. Ili tendo jipya lifikie hapo, linahitaji kurudiwa mara nyingi baada ya ishara ileile. Inachukua muda gani? Wengi wamesikia siku 21, na wengi hukata tamaa siku ya 22. Utafiti wa watu 96 uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2010 ulipata siku 66 kama wastani wa kati, huku tofauti baina ya mtu na mtu ikianzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Matendo mepesi kama kunywa glasi ya maji yalizoeleka mapema. Mazoezi ya mwili yalichelewa. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana, na hilo ni vyema likumbukwe na wale wanaotupa mpango mzima kwa sababu ya Jumatano moja.

Kwa hiyo chagua tabia moja tu, uiandike kwa sentensi yenye sehemu mbili: nikishafanya hili, nitafanya lile. "Nikishaweka begi mezani, nitaandika kazi tatu za leo kabla ya kuwasha kompyuta." Ishara iwe tukio ambalo halikosekani siku yoyote ya kazi. "Nikipata nafasi" si ishara, maana nafasi haipatikani. Hata saa ya ukutani ni dhaifu kuliko tukio, kwa kuwa saa 3 asubuhi inaweza kupita ukiwa kwenye kikao wala usiione. Kosa jingine ni kuchagua ishara ambayo tayari ina mwenyewe. Kama kila ukishika kikombe cha chai unashika na simu, usitegemee kikombe hicho kikukumbushe kusoma ripoti.

Tabia mbaya huondolewa kwa njia hiyohiyo, kinyumenyume. Kupigana nayo uso kwa uso kunachosha; ondoa kinachoiamsha. Simu iliyolala kifudifudi mezani bado inaita macho. Ikiwa kwenye droo, au kwenye chumba kingine, kuna hatua za kutembea kabla ya kuifikia, na hatua hizo hutosha kumpa mtu muda wa kujiuliza anafuata nini.

Tabia ipi itangulie? Ushauri wetu ni usingizi, hata kama anayeuliza alitaka kusikia kuhusu kupanga muda. Mtu mzima anahitaji angalau muda wa saa 7 kwa usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba baada ya kukaa macho kwa saa 17, wepesi na usahihi wa mtu hushuka hadi kulingana na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa 11 alfajiri anafika hapo saa 4 usiku, muda ambao wengi bado wanasahihisha mahesabu. Kibaya zaidi ni upungufu wa kila siku. Waliolala kwa saa 6 au pungufu kwa siku 14 mfululizo, katika utafiti mwingine wa mwaka 2003, walivurunda majaribio ya umakini kama watu waliokesha hadi usiku mbili, ilhali wenyewe hawakujiona wamechoka kiasi hicho. Ndiyo maana kauli ya "mimi nimezoea kulala kidogo" haiaminiki: kipimo chenyewe ndicho kilichoharibika.

Anza na saa ya kuamka, kwa sababu saa ya kulala haikutii. Iwe ileile hata siku za mapumziko, isipishane kwa zaidi ya saa moja. Kahawa ya mwisho inywewe kabla ya saa 8 mchana. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua hadi nusu mwilini, hivyo ya kikombe cha saa 11 jioni nusu yake bado imo saa 4 usiku. Wafanyakazi wa zamu za usiku hawataweza kuufuata mpangilio huu; kwao chumba chenye giza totoro na kimya mchana ni muhimu kuliko saa.

Umakini nao hupotea kwa njia isiyoonekana. Ukiacha ripoti katikati ili ujibu ujumbe, sehemu ya akili hubaki kwenye ripoti, na ukirudi, sehemu nyingine imebaki kwenye ujumbe. Dawa yake ni ndogo ajabu: kabla hujageuka, andika sentensi moja inayosema umefika wapi na hatua inayofuata ni ipi. Akili ikijua pa kurejea, huachia. Barua pepe zifunguliwe mara tatu kwa siku, arifa zizimwe, na wenzako waambiwe kwamba jambo la dharura wapige simu. Bila kuwaambia, utaratibu huu utaonekana ni dharau.

Linalovunja heshima ya mfanyakazi kwa haraka kuliko yote ni makadirio. Wanafunzi walioulizwa watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi, katika utafiti wa mwaka 1994, walitaja wastani wa siku 34. Walitumia zaidi ya 55. Hawakuwa wakidanganya. Mtu anapokadiria huiona kazi yenyewe, haoni vikao, maswali ya wenzake, faili lililopotea na kusubiri saini ya mkubwa.

Hapa daftari husaidia kuliko busara. Kwa wiki mbili, kila kazi inayozidi nusu saa iandikwe mistari miwili: muda uliokadiria kabla ya kuanza, na muda uliotumika kweli. Jumlisha kila upande, kisha gawanya wa kweli kwa wa makadirio. Ukipata saa 45 kwa 30, kizidisho chako ni 1.5, na kazi uliyotaka kuahidi kwa siku 4 iahidi kwa 6. Kizidisho cha barua fupi hakifanani na cha bajeti, kwa hiyo yatenganishe makundi mapema. Wanaokwama hapa ni wale wanaojaza safu zote mbili jioni kwa kukumbuka. Kumbukumbu hupendelea mwenyewe.

Pamoja na daftari, weka alama katikati ya kila muda ulioahidi. Siku 6 zikifika 3 na kazi haijafika nusu, mjulishe anayeisubiri siku hiyohiyo, ukitaja tarehe mpya na kinachokwamisha. Taarifa hiyo ikitolewa mapema, mkubwa anaweza kuongeza mtu au kupunguza kazi. Ikitolewa asubuhi ya siku ya mwisho, hana la kufanya ila kukasirika.

Tabia uliyoichagua ikikosa kushika baada ya wiki mbili za kujaribu kwa dhati, badilisha ishara kabla ya kubadilisha tabia. Isiposhika tena, punguza ukubwa wake: kazi tatu za leo ziwe moja.